Gharama ya Miti Iliyonunuliwa Pamoja na Shamba

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri iliniomba nieleze jambo ambalo wengi hudhani ni la makarani peke yao, nalo ni hesabu ya kodi ya mtu aliyenunua shamba lenye miti, kisha akaiuza miti ile. Nimekubali kwa sababu mbili. Ya kwanza, wana wetu wengi wamekaa Marekani, wakiwamo walio katika majimbo ya Georgia na Texas, na wengine wao wamenunua mashamba ya misonobari huko, pengine kwa fedha walizochangiwa na jamaa zao wa hapa. Ya pili, mmoja wa wanachama wetu aliumia katika jambo hili, naye ameniruhusu nisimulie habari zake bila kutaja jina lake, ili wengine wapate kuonywa.

Mimi mwenyewe nilifanya kazi ya hesabu huko kwa miaka mingi. Kwa hiyo nitakayoyasema ni ya sheria ya Marekani. Ya hapa kwetu Kenya nitayagusa kidogo mwishoni.

Habari za ndugu yetu

Mwaka 2006 ndugu yetu huyo alinunua shamba la ekari 60 katika jimbo la Georgia. Sehemu moja ya shamba ilikuwa na misonobari mikubwa iliyofaa kuuzwa, sehemu nyingine ilikuwa na misonobari michanga iliyopandwa kwa mistari, na iliyobaki ilikuwa majani matupu. Alilipa dola 108,000. Wakili, mpima ardhi na uchunguzi wa hati vilimgharimu dola 2,000 zaidi. (Tarakimu nimezilainisha kidogo ili tuweze kuzihesabu pamoja hapa.)

Mwaka 2017 alipata habari kwamba kaka yake amefariki hapa nyumbani, na kuacha watoto watatu shuleni. Basi akauza sehemu ya miti kwa dola 65,000, akinuia kuwalipia watoto wale karo mpaka wamalize. Wakati wa kodi ulipofika, mtu aliyemjazia fomu alimwuliza, "Miti hii ilikugharimu kiasi gani?" Ndugu yetu akajibu kwa moyo mweupe, "Mimi nilinunua shamba, sikununua miti." Mahali pa gharama pakaandikwa sifuri. Hata ujira wa bwana misitu aliyesimamia mauzo, dola 5,000, haukutolewa. Akatozwa kodi juu ya dola 65,000 zote kana kwamba zote ni faida. Fedha zikapungua, na mwaka 2018 mtoto mkubwa wa marehemu akakaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa karo.

Wazee wangu, jibu lile ndilo lililomponza. Mtu anunuapo shamba lenye miti huwa amenunua vitu viwili kwa bei moja: ardhi, na miti iliyosimama juu yake. Ingawa hati ni moja na fedha zimelipwa mara moja, sheria ya kodi huviona vitu hivi mbalimbali.

Faida ni nini

Idara ya Kodi ya Marekani haitozi kodi ya mapato juu ya bei yote ya kitu kilichouzwa. Hutoza juu ya faida. Na faida ni bei ya kuuza, ukitoa gharama za kuuza, ukitoa pia gharama uliyoingia ulipokipata kitu hicho. Gharama hii ya mwisho nitaiita gharama ya asili. Mfanya biashara wa nguo anajua jambo hili bila kufundishwa: akinunua kanga kwa shilingi 400 na kuiuza kwa shilingi 500, hawezi kusema amepata faida ya shilingi 500. Lakini mtu yule yule akiuza miti ya shamba lake husahau, kwa sababu miti haikuja na stakabadhi yake yenyewe.

Yafaa pia mjue kwamba faida ya miti iliyomilikiwa kwa zaidi ya mwaka mmoja, ikiuzwa kwa kufuata masharti ya sheria, huhesabiwa kuwa faida ya mali wala si mapato ya kawaida, na kodi yake huwa nafuu. Kwa serikali kuu kodi hiyo ni asilimia 0, 15 au 20, kwa kadiri ya mapato ya mtu. Nafuu hii haikupatikana kwa urahisi. Zamani, mwenye miti aliyekata mwenyewe, au aliyeuza kwa mkataba wa kulipwa kadiri miti inavyokatwa, alitozwa kama apataye mapato ya kawaida. Mwaka 1944 Bunge la Marekani lilibadili sheria hiyo, ijapokuwa Rais Franklin Roosevelt alikuwa ameikataa. Ndugu yetu alipata nafuu hiyo ya asilimia 15. Alichokosa ni gharama yake ya asili.

Kugawa bei ya ununuzi

Basi gharama ya asili ya miti hupatikanaje, iwapo shamba lilinunuliwa kwa bei moja? Kanuni yake ni hii. Kwanza, jumlisha bei uliyolipa na gharama zote za kununua, kama vile ada ya wakili, upimaji wa ardhi, uchunguzi wa hati na ukaguzi wa miti. Kwa ndugu yetu jumla ni dola 110,000.

Pili, tafuta bei ya soko ya kila kitu kilichokuwamo shambani siku ile ya kununua, kila kimoja peke yake: ardhi tupu, miti iliyofaa kuuzwa, miti michanga isiyofaa bado, na nyumba au boma kama lipo. Hapana budi iwe bei ya siku ya kununua, wala si ya siku ya kuuza. Katika shamba hili bei hizo zilikuwa kama hivi: ardhi tupu dola 72,000, miti iliyofaa kuuzwa, tani 1,800, dola 36,000, miti michanga dola 12,000. Jumla yake dola 120,000.

Mtaona kwamba jumla hii imezidi fedha alizolipa. Ndugu yetu alinunua kwa bei nafuu, na hilo ni jema kwake, lakini hawezi kudai gharama ambayo hakuitoa. Kwa hiyo hatua ya tatu ni kuigawa ile gharama ya kweli, dola 110,000, kwa kufuata uwiano wa bei za soko. Ardhi ilikuwa sehemu 60 katika 100. Basi inachukua dola 66,000. Miti iliyofaa kuuzwa ilikuwa sehemu 30. Inachukua dola 33,000. Miti michanga ilikuwa sehemu 10. Inachukua dola 11,000. Zijumlisheni, mtapata dola 110,000 kamili, hakuna senti iliyozidi wala iliyopungua.

Hapo tena hufunguliwa daftari lenye kurasa tatu, ukurasa mmoja kwa kila kitu. Fedha za ukurasa wa ardhi hazitumiki mtu anapouza miti. Zitangoja mpaka ardhi yenyewe iuzwe. Nimeona watu waliojaribu kutoa bei yote ya shamba katika mauzo ya kwanza ya miti, ili wasilipe kodi yo yote. Hao nao wamekosa, na kosa lao ni la hatari kuliko lile la ndugu yetu, maana yeye alijidhulumu nafsi yake, lakini wao hudaiwa kodi pamoja na riba na adhabu.

Gharama ya kila tani

Miti ni mali iliyo hai. Mwaka 2006 miti mikubwa ilikuwa tani 1,800. Kufika mwaka 2017 miti ile ile ilikuwa imekua mpaka tani 3,300. Ile michanga nayo ilikuwa imefikia kimo cha kuuzwa, nayo ilikuwa tani 1,100. Kwa hiyo shamba lilikuwa na tani 4,400 za kuuza. Michanga ilipokua ikafaa kuuzwa, dola zake 11,000 zilihamishwa kutoka ukurasa wake na kutiwa katika ukurasa wa miti iliyofaa kuuzwa. Ukurasa huo sasa ukawa na dola 44,000.

Sikilizeni hapa kwa makini, kwa maana ndipo wengi wanapopotea. Tani zimeongezeka, lakini dola hazikuongezeka. Kukua kwa mti ni kazi ya mvua na jua, wala mwenye shamba hakukilipia. Kile asichokilipia hakimo katika gharama yake. Vivyo hivyo mti uliojiotea wenyewe baada ya shamba kununuliwa, bila mtu kutoa fedha, gharama yake ya asili ni sifuri.

Basi twagawa dola 44,000 kwa tani 4,400, twapata dola 10 kwa kila tani. Hiyo ndiyo gharama ya kila tani katika mwaka wa mauzo. Ndugu yetu aliuza tani 2,600. Gharama ya asili ya miti aliyoiuza ni dola 26,000. Sasa hesabu ya faida yake ni nyepesi: dola 65,000, ukitoa dola 5,000 za kuuzia, ukitoa dola 26,000 za asili, zinabaki dola 34,000. Kodi ya asilimia 15 juu ya dola 34,000 ni dola 5,100. Yeye alilipa asilimia 15 ya dola 65,000, yaani dola 9,750. Alizidisha dola 4,650, mbali na kodi ya jimbo. Hiyo ndiyo karo iliyopotea kwa ajili ya neno moja, "sifuri".

Zile dola 18,000 zilizobaki katika ukurasa wa miti hazikupotea. Zinangoja tani 1,800 zilizobaki shambani. Akiuza tena, atapima miti upya, atagawa dola hizo kwa tani atakazozikuta, na kutoa sehemu ya miti atakayouza. Idara ya Kodi ina fomu yake ya hesabu hii, iitwayo Fomu T. Mtu anayeuza miti mara chache tu kwa kawaida halazimishwi kuipeleka, lakini hasamehewi kuweka hesabu yenyewe.

Aliyepoteza wakati

Mtauliza, je, mtu ambaye hakufanya hesabu hii siku ya kununua amekwisha kupotea? Hapana. Yawezekana kuitafuta baadaye, ingawa kwa taabu na kwa gharama.

Mwanzoni mwa mwaka 2021 ndugu yetu alinionyesha fomu zake kwa shauri jingine kabisa. Nilipoona ile sifuri nilimwuliza tarehe aliyopeleka fomu. Ilikuwa Aprili 2018. Sheria humpa mtu miaka mitatu tangu kupeleka fomu yake, au miaka miwili tangu kulipa kodi, kwa kufuata ule muda utakaokwisha baadaye, aombe kurudishiwa kodi aliyozidisha. Tulikuwa na miezi michache tu.

Alimwita bwana misitu. Bwana huyu alipima miti iliyobaki, na vishina vya ile iliyokatwa. Kisha alichukua kekee nyembamba yenye tundu katikati, akaizungusha ndani ya shina, akatoa kijiti chembamba cha mbao kutoka ganda mpaka moyo wa mti. Katika kijiti hicho kila mwaka una duara yake. Alihesabu duara kurudi nyuma mpaka mwaka 2006, akajua unene wa mti ulivyokuwa mwaka ule, na kwa unene huo akakadiria tani. Bei za mwaka 2006 alizipata katika taarifa za bei za miti zilizochapwa wakati ule. Wakili alikuwa bado na karatasi za ununuzi. Kiwanda cha kupasua mbao kilikuwa na hati za mizani za kila lori lililopita, nazo zikathibitisha zile tani 2,600.

Hivyo mti wenyewe ulitoa ushahidi ambao mwenye mti hakuuandika. Lakini kama angalikuwa ameikata miti yote na kung'oa vishina, ni nani angalishuhudia? Fomu ya masahihisho ilipelekwa kabla ya muda kwisha, na baada ya miezi kadha fedha zake zilirudishwa. Bwana misitu alilipwa sehemu yake. Kazi ile ile, kama ingalifanywa siku ya kununua, ingalikuwa nyepesi, wala isingalihitaji mtu kuusoma moyo wa mti.

Urithi, zawadi na miti ya kupanda

Wazee wengi wataka kujua habari za mali ipitayo kwa watoto. Katika sheria ya Marekani, shamba likirithiwa, gharama ya asili kwa mrithi huwa bei ya soko ya siku aliyofariki mwenye mali. Kwa hiyo mjane au mtoto anayerithi shamba la miti huko asikubali kuambiwa kwamba hana gharama kwa kuwa hakulipa kitu. Na aite wapimaji mapema, maana bei inayotakiwa ni ya siku ile, nayo siku hupita.

Zawadi ni mbali na urithi. Baba akimpa mwanawe shamba wakati yu hai, kwa kawaida mwana huchukua gharama ile ile aliyokuwa nayo baba. Kama baba alinunua zamani kwa bei ndogo, gharama hiyo ndogo ndiyo itakayomfuata mwana. Kwa sababu hii mtu asigawe shamba lake huko kabla ya kufanya shauri na wakili na mtu wa hesabu.

Tena kuna miti anayoipanda mtu mwenyewe. Miche, kazi ya kupanda na kusafisha shamba ni gharama yake. Tangu Oktoba 2004 sheria humruhusu kutoa mpaka dola 10,000 kwa mwaka, kwa kila shamba la miti, katika mwaka ule ule wa kupanda, na zilizozidi kuzitoa kidogo kidogo kwa muda wa miezi 84. Lakini fedha iliyokwisha kutolewa hivyo haiwezi kutolewa mara ya pili siku ya kuuza.

Mambo ya hapa kwetu

Bwana Mwenyekiti, mtu asichukue hesabu hii ya Marekani na kuipeleka katika ofisi ya kodi ya Kenya. Sheria zetu ni nyingine, na kila mmoja aulize kwa wanaozijua. Hata hivyo somo lenyewe linatuhusu. Hapa kwetu kodi ya faida ya mali ilisimamishwa mwaka 1985, ikarudishwa tarehe 1 Januari 2015 kwa asilimia 5, na tangu tarehe 1 Januari 2023 ni asilimia 15. Kodi hiyo nayo hutozwa juu ya faida, baada ya kutoa bei ya kununua na gharama zinazokubaliwa na sheria. Katika miaka ile thelathini kodi ilipokuwa imesimamishwa, watu wengi walinunua mashamba bila kuhifadhi karatasi, wakiona hazina kazi. Leo wanazitafuta chini ya vitanda.

Kwa hiyo nawaombeni mambo manne. Anayenunua shamba lenye miti, hapa au ng'ambo, na ahesabu miti na kuandika bei yake mbali na bei ya ardhi, siku ile ile ya kununua. Na atunze stakabadhi ya kila ada aliyolipa. Anapouza, na atunze hati za mizani na kuandika kiasi kilichouzwa na kiasi kilichobaki. Tena amwonyeshe mkewe, au mumewe, au mtoto wake mkubwa, mahali daftari hilo linapokaa, kwa sababu mauti hayapigi hodi.

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Mtoto yule mkubwa wa marehemu alirudi shuleni, akamaliza kidato cha nne kwa kuchelewa mwaka mmoja. Wadogo zake hawakukosa hata siku moja. Leo yeye ndiye anayemwandikia baba yake mdogo daftari la miti, na kila mwaka humtumia nakala ng'ambo ili zilinganishwe.

Kama kuna mwenye swali, niko tayari kumjibu.